Kuchagua splita ya HDMI kwa kuangalia resolusheni na kasi ya skrini: mwongozo kamili

Splita ya HDMI ni kisanduku kinachopokea picha na sauti kutoka chanzo kimoja na kuzitoa nakala kwenye skrini mbili, nne, nane au zaidi. Wengi huinunua kwa kuhesabu matundu tu: nina skrini nne, basi nipe yenye matundu manne. Wakishaiunganisha, picha inashuka ubora, au skrini moja inabaki nyeusi, au picha inazima na kurudi, na lawama zinaishia kwenye kebo au televisheni.

Idadi ya matundu iangalie mwisho. Anza na namba mbili zinazokwenda pamoja: resolusheni, yaani pikseli ngapi zinaunda picha, na kasi ya kuonyesha upya, yaani mara ngapi kwa sekunde skrini inachora picha nzima. Kasi hiyo hupimwa kwa hezi, Hz. Mtu akikwambia splita yake ni ya 4K (picha ya pikseli 3840 kwa 2160) bila kutaja Hz ngapi, amekupa nusu ya habari, na nusu aliyoiacha ndiyo mara nyingi huamua kama utaridhika.

1. Hakikisha ni splita unayoihitaji

Splita hutoa picha ileile kila mahali. Haiwezi kukupa kompyuta yenye skrini mbili zinazoonyesha vitu tofauti. Ukitaka kufungua hati huku na kivinjari kule, tumia tundu la pili la kompyuta yenyewe, au hab ya DisplayPort inayotumia mfumo wa MST, unaopitisha picha za skrini kadhaa tofauti kwenye kebo moja. Kumbuka tu kwamba macOS haikubali kutanua eneo la kazi kwa njia ya MST, hata hab iwe nzuri kiasi gani.

Kama una vyanzo vingi na skrini moja, kifaa chako ni swichi ya HDMI. Vyanzo vingi na skrini nyingi, kila moja ikichagua chanzo chake, ni kazi ya matriksi. Kuna pia kile kikebo chenye umbo la Y, kichwa kimoja upande huu na viwili upande wa pili, bila umeme wowote. Hicho kiache. Chanzo cha HDMI kinatakiwa kuzungumza na skrini moja kwa kila tundu, na kikebo hicho huzikutanisha skrini mbili kwenye nyaya zilezile, zote zikijibu kwa wakati mmoja. Splita ya kweli ina chipu ndani inayopokea mawasiliano na kuyaanzisha upya kwa kila tundu.

2. Orodhesha uwezo wa kila kifaa

Chukua karatasi. Andika chanzo kinaweza kutoa nini kwa upeo wake, kisha kila skrini inapokea nini: resolusheni, Hz, kama inakubali HDR (picha yenye upana mkubwa zaidi wa mwanga na rangi), na toleo la HDCP (ulinzi wa maudhui, sehemu ya 7) kama limetajwa. Usiandike kwa kukumbuka. Fungua kitabu cha maelekezo au ukurasa wa mtengenezaji, na usome sehemu ya matundu yenyewe, kwa sababu runinga nyingi za 4K zina tundu moja au mawili tu yanayopokea kiwango cha juu kabisa, na mengine yana uwezo mdogo. Kwenye runinga kadhaa uwezo huo umefungwa hadi uuwashe ndani ya menyu ya mipangilio, kwa kila tundu peke yake.

Kisha unganisha chanzo moja kwa moja na kila skrini, bila splita, uone kinachotokea. Kwenye Windows, mipangilio ya juu ya skrini hukuonyesha resolusheni na Hz zinazotumika. Kwenye Linux inayotumia X11, amri ya xrandr inatosha. Runinga nyingi huonyesha ukibonyeza kitufe cha maelezo kwenye rimoti. Kama skrini haipati 4K kwa Hz 60 ikiwa imeunganishwa moja kwa moja, hakuna splita itakayoipatia. Jaribio hili litakuokoa baadaye unapotafuta tatizo, kwa hiyo lifanye hata kama una haraka.

3. Piga hesabu ya data

Hapa ndipo resolusheni na kasi zinapoungana kuwa namba moja unayoweza kuilinganisha na splita. Picha ya 1920 kwa 1080, yaani 1080p, inaonekana kuwa na pikseli milioni 2 na kidogo, lakini HDMI husafirisha pia nafasi tupu pembeni na chini ya picha, hivyo fremu nzima inahesabiwa kama 2200 kwa 1125. Zidisha kwa fremu 60 kila sekunde, unapata pikseli milioni 148.5. Kila pikseli ina biti 24 za rangi, biti 8 kwa nyekundu, 8 kwa kijani na 8 kwa bluu. Juu ya hapo, mfumo wa usafirishaji wa HDMI hadi toleo la 2.0 hutuma biti 10 kwa kila biti 8 za picha. Jumla inakuwa gigabiti 4.46 kwa sekunde.

Kwa 4K, fremu ni 4400 kwa 2250. Kwa Hz 60 ni pikseli milioni 594 kila sekunde, na jumla inapanda hadi gigabiti 17.82. Matokeo ya hesabu hiyo kwa hali zinazokutwa mara nyingi ni haya, kwa rangi kamili za biti 8:

- 1080p, Hz 60: gigabiti 4.46
- 1440p (2560 kwa 1440), Hz 60: takribani gigabiti 7.2
- 1080p, Hz 120: gigabiti 8.91
- 4K, Hz 30: gigabiti 8.91
- 1440p, Hz 144: zaidi ya gigabiti 17
- 4K, Hz 60: gigabiti 17.82
- 4K, Hz 120: takribani gigabiti 32, kwa mfumo mpya wa usafirishaji wa HDMI 2.1

Angalia mstari wa tatu na wa nne. 1080p kwa Hz 120 na 4K kwa Hz 30 zina mzigo uleule kabisa. Kwa hiyo mwenye monita ya gemu ya 1080p anaweza kuhitaji splita yenye uwezo sawa na ya mtu mwenye runinga ya 4K ya kutazamia filamu.

Sasa linganisha na matoleo. HDMI 1.4, iliyotoka mwaka 2009, inaishia gigabiti 10.2. HDMI 2.0 ya mwaka 2013 inafika 18. HDMI 2.1 ya mwaka 2017 inafika 48. Mwaka 2025 ilitangazwa 2.2 yenye 96, lakini kwa anayechagua splita mapambano halisi bado yako kati ya 10.2, 18 na 48.

Kwa matumizi mengi, yaani kutazama filamu, matangazo ya mpira, mawasilisho, mabango ya kidijitali na kompyuta za kawaida, ushauri wangu ni gigabiti 18. Ya 10.2 inafaa tu kama una hakika skrini zako zote ni 1080p na zitabaki hivyo. Ya 48 tafuta ikiwa kweli una chanzo na skrini zaidi ya moja zinazofika 4K kwa Hz 120. Kama skrini ya Hz 120 ni moja tu na zilizobaki ni za Hz 60, soma sehemu ya 5 na ya 6 kabla ya kutoa fedha yako.

4. Soma boksi kwa jicho kali

Neno 4K likiandikwa peke yake kwenye boksi, chukulia ni Hz 30 hadi uthibitishiwe vinginevyo. Kwa filamu za fremu 24 kwa sekunde hutaona tofauti. Kwa kompyuta utaiona papo hapo: mshale wa kipanya unaburuzika, na ukurasa ukiusogeza unarukaruka.

Baada ya hapo kuna mtego mwingine. Boksi linasema 4K Hz 60, ukweli ambao haudanganyi, lakini pembeni kwa herufi ndogo kuna 4:2:0. Namba hizi tatu zinaeleza taarifa za rangi zinazosafirishwa. Kwenye 4:4:4 kila pikseli ina rangi yake. Kwenye 4:2:0 pikseli nne zinagawana rangi moja, ingawa kila moja inabaki na mwanga wake. Data inapungua kwa nusu, ndiyo maana 4K ya Hz 60 inaweza kupita kwenye chipu ya kizazi cha 1.4. Filamu nyingi tayari zimehifadhiwa kwa 4:2:0, hivyo macho hayatalalamika. Maandishi ya kompyuta yataharibika: herufi nyekundu juu ya rangi nyeusi au bluu zinapoteza kingo na kuonekana kama zimelowa. Kwa kazi ya ofisi au michoro, ikatae splita hiyo.

Unachotaka kuona ni maneno yaliyokaa pamoja: 4K, Hz 60, 4:4:4, gigabiti 18 kwa sekunde. Baadhi ya watengenezaji huandika MHz 600 badala ya gigabiti 18. Maana ni ileile. Wengine wataandika HDMI 2.1 kwa herufi kubwa na kunyamaza. Usiinunue kwa jina hilo tu, kwa sababu uwezo mwingi wa toleo la 2.1 ni wa hiari, na kifaa kinaweza kubeba jina hilo bila kufika gigabiti 48. Daima dai namba.

HDR nayo ina hesabu yake. Kwa kawaida hutumia biti 10 kwa kila rangi, na 4K ya Hz 60 yenye biti 10 kwa 4:4:4 ingehitaji gigabiti 22 na ushei, zaidi ya 18. Kwa hiyo kwenye splita ya gigabiti 18 HDR hupita ikiwa 4:2:2 au 4:2:0. Hilo si kasoro ya splita yako, na kwa filamu halina madhara unayoweza kuyaona.

5. EDID: mahali picha yako inapoamuliwa

Unaweza kununua splita yenye gigabiti zote unazohitaji na bado ukapata 1080p kila mahali. Sababu karibu kila mara ni EDID. Kila skrini ina kumbukumbu ndogo yenye orodha ya uwezo wake: resolusheni, Hz, rangi, aina za sauti. Ukiunganisha kebo, chanzo husoma orodha hiyo na kuchagua cha kutuma. Ukiweka splita katikati, chanzo hakizioni skrini zako tena. Kinaona orodha ambayo splita imeamua kukionyesha, na splita tofauti huamua kwa njia tofauti.

Njia ya kwanza ni kunakili orodha ya skrini iliyo kwenye tundu la 1 na kuwapuuza wengine. Ukiweka runinga ya 4K kwenye tundu hilo na projekta ya 1080p kwenye la 2, chanzo kitatuma 4K na projekta itabaki nyeusi au kuandika kwamba haielewi mawimbi. Ukizigeuza, zote mbili zitaonyesha 1080p. Watu wengi wametupa splita nzima iliyokuwa ikisubiri tu kebo mbili zibadilishane nafasi.

Njia ya pili ni kulinganisha orodha zote na kutoa kile tu ambacho kila skrini inakiweza. Hii ni salama kwa kuwa hakuna skrini inayozimika, lakini kamba hukatikia pembamba: skrini dhaifu kuliko zote inazishusha zilizobaki hadi ngazi yake. Monita moja ya zamani ukiiongeza kwenye runinga tatu za 4K, zote nne zitaonyesha 1080p. Kasi nayo inafuata kanuni hiyohiyo. Monita ya Hz 144 ikikaa pamoja na runinga ya Hz 60, wote watapata Hz 60. Na skrini moja ikikosa HDR, HDR inaondoka kwa wote. Ukilazimisha HDR kwa njia ya kunakili, ile skrini isiyoiweza huonyesha rangi zilizopauka kama zimefunikwa na vumbi.

Njia ya tatu ni orodha iliyowekwa kiwandani, unayoichagua kwa vibonyezo vidogo vya kusogeza pembeni ya kisanduku, kwa mfano 1080p na sauti ya stereo, au 4K Hz 60 na HDR. Hii ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Ukichagua orodha mwenyewe, picha haibadiliki mtu akizima runinga moja au akichomoa kebo. Kwa splita zisizo na uwezo huo, skrini moja ikizimwa chanzo huanza mazungumzo upya, na skrini zote hukaa nyeusi kwa sekunde kadhaa. Kwenye ukumbi uliojaa watu, au katikati ya mhadhara, hizo ni sekunde ndefu.

Kabla ya kununua, pakua kitabu cha maelekezo na utafute neno EDID. Lisipokuwepo kabisa, huna njia ya kujua splita itafanya nini na skrini zako. Tafuta nyingine.

Jambo moja dogo linalosahaulika: Hz 50 na Hz 60 ni vitu viwili. Ving'amuzi na kamera nyingi hutoa Hz 50, na zipo monita za kompyuta zinazokubali 60 tu. Splita ya kawaida haigeuzi 50 kuwa 60. Kama chanzo chako kina chaguo la kutoa 60 kwenye menyu, tumia hilo. Vinginevyo badilisha monita.

6. Skrini zisizolingana

Kama lazima uchanganye 4K na 1080p na hutaki kuishusha 4K, tafuta splita yenye uwezo wa kushusha resolusheni kwenye kila tundu. Hupokea 4K, huipitisha kama ilivyo kwa skrini inayoiweza, na huitengeneza upya kuwa 1080p kwa ile isiyoiweza. Zipo za kujigundua zenyewe na zipo za kubonyeza kwa mkono.

Chunguza mambo mawili. Kwanza, je, kila tundu lina uwezo huo, au ni moja tu? Zipo splita za matundu manne ambapo tundu moja pekee ndilo linaloshusha. Pili, nyingi hubadilisha pikseli bila kugusa Hz: 4K ya Hz 60 inakuwa 1080p ya Hz 60. Zisizogusa Hz hazitakusaidia ikiwa tofauti ya skrini zako ni ya kasi. Kwa mtu mwenye monita ya Hz 144 anayetaka kuonyesha mchezo wake kwenye runinga ya Hz 60, njia nzuri zaidi ni kadi ya picha yenye matundu mawili, kila skrini ikipewa kasi yake na kompyuta yenyewe. Vilevile usitarajie kasi inayobadilika, ile VRR, kupita vizuri kwenye splita yenye skrini mbili. Izime kwenye chanzo kabla hujaanza kutafuta kwa nini picha inapepesa.

7. HDCP

Huduma za filamu na diski hulinda maudhui yao kwa HDCP. Kwa 4K huhitajika toleo la 2.2 au jipya zaidi, na kila kifaa kwenye mnyororo lazima kiwe nalo: chanzo, splita na skrini. Kiungo kimoja kikiwa na 1.4, chanzo kitashuka hadi 1080p au kitakataa kuonyesha. Dalili yake ni rahisi kuitambua. Menyu inaonekana safi kwa 4K, lakini ukibonyeza cheza, picha inakuwa nyeusi au ujumbe wa kosa unatokea. Hakikisha splita imeandikwa HDCP 2.2, na uangalie tundu la runinga pia.

8. Kebo na umeme

Splita inaongeza kebo: moja ya kuingia, na moja kwa kila skrini. Kila moja inabeba mzigo wote uliouhesabu kwenye hatua ya 3. Kwa gigabiti 18 tafuta lebo ya Premium High Speed, kwa 48 tafuta Ultra High Speed. Zilizothibitishwa zina stika yenye msimbo wa kuskani kwa simu. Kwa 4K ya Hz 60, kebo ya shaba ya kawaida ikizidi mita 5 inaanza kuwa ya kubahatisha. Kwa umbali zaidi tumia kebo ya nyuzi za mwanga, na uzingatie kwamba ina upande wa chanzo na upande wa skrini. Ukiigeuza haionyeshi kitu. Weka splita karibu na chanzo kwa kebo fupi, kisha kebo ndefu ziende kwenye skrini.

Umeme utoke kwenye adapta iliyokuja na splita yenyewe. Kuichomeka kwenye tundu la USB la runinga kunavutia, lakini runinga ikizimwa splita nayo inazima, na skrini zote zinapotea.

9. Sauti

Orodha ya EDID inabeba sauti pia. Monita yenye spika mbili ikiwa kwenye mnyororo, splita inayolinganisha itaiambia chanzo itume stereo, na mfumo wako wa spika tano utanyamaza kwa sehemu kubwa. Ama chagua orodha yenye sauti ya mzunguko, ama toa sauti kwanza kwenye ampli kisha picha iende kwenye splita. ARC, yaani sauti ya runinga inayorudi kwenye ampli kwa kebo ileile ya HDMI, haipiti kwenye splita za kawaida.

10. Unganisha, kisha jaribu

Anza kila kitu kikiwa kimezimwa. Unganisha skrini kwenye splita, washa skrini, washa splita, mwisho washa chanzo. Angalia resolusheni na Hz kwenye kila skrini, si moja tu, na linganisha na karatasi uliyoiandika mwanzo. Cheza video yenye mwendo kwa muda mrefu, kisha filamu yenye ulinzi, kisha zima skrini moja na uiwashe tena uone zingine zinafanya nini.

Tatizo likijitokeza, picha yenyewe hukuelekeza. Vidoti vyeupe vinavyometameta ni data inayopotea njiani: shusha hadi Hz 30 kwa muda, na vikitoweka basi kebo au splita haiwezi mzigo. Picha inayozima sekunde mbili na kurudi inaashiria kebo dhaifu au HDCP inayojadiliana upya. Rangi ya waridi au kijani kwenye picha nzima maana yake chanzo na skrini hazijaelewana kuhusu RGB na YCbCr, njia mbili za kuandika rangi. Ichague mwenyewe kwenye mipangilio ya chanzo. Skrini moja nyeusi huku nyingine zikiwa sawa, hamishia kebo yake tundu jingine. Giza likihama pamoja na skrini, rudi kwenye EDID. Likibaki kwenye tundu, splita ndiyo mbovu, na irudishe ingali ndani ya dhamana.